Maswali na Majibu: Ufunguo wa Seva na Mipaka ya Anayeushika

Barua zilizotufikia safari hii zimejaa habari za watu ambao vyuoni hukumbukwa zaidi siku mtandao unapokatika, yaani wasimamizi wa mifumo ya kompyuta. Baadhi ya waandishi ni wanafunzi na wahadhiri wanaotaka kujua ni nani anayeweza kuona mambo yao, na wengine ni wasimamizi wenyewe, wanaotaka kujua wamefungwa na nini na wanalindwa na nini. Mshauri wetu aliyezijibu amefanya kazi hiyo katika kituo cha kompyuta cha chuo kikuu kwa miaka mingi. Majina ya waandishi hayatajwi, na barua ndefu zimefupishwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, baada ya salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Rafiki yangu anayefanya kazi ya muda katika kituo cha kompyuta aliniambia kwa kujisifu kwamba wao "wanaona kila kitu." Je, ni kweli kwamba wanaweza kusoma barua pepe zangu na kuijua nywila yangu? Na kama wanaweza, wanaruhusiwa?

JIBU: Umeuliza maswali mawili, na umefanya vyema kuyatenganisha, kwa sababu watu wengi huyachanganya, wakiwemo baadhi ya wasimamizi.

Nianze na kuweza. Mifumo ya jamii ya Unix, ambayo ndiyo inayoendesha seva nyingi za vyuo, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, ina akaunti moja kuu, ile ambayo namba yake ndani ya mfumo ni sifuri, na akaunti hiyo haizuiwi na vizuizi vya kawaida vya mafaili. Unapoifunga saraka yako, yaani folda la mafaili yako, ili mwenzako asiisome, kufuli hilo linamzuia mwenzako. Mwenye akaunti kuu hupita. Barua pepe iliyolala kwenye seva ya chuo nayo anaweza kuifungua, isipokuwa uwe umeisimba, yaani umeigeuza isisomeke, kwa ufunguo ulio mikononi mwako peke yako.

Nywila ina habari yake. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauihifadhi nywila yenyewe, bali huhifadhi alama inayotokana nayo kwa hesabu ambayo hairudishiki nyuma, njia ambayo Robert Morris na Ken Thompson waliieleza kwa kirefu mwaka 1979 walipoandika kuhusu usalama wa nywila katika Unix. Kwa hiyo msimamizi anaweza kukuwekea nywila mpya, lakini ile uliyokuwa nayo haoni. Mtu akikuandikia kwamba ametoka kituo cha kompyuta na anaomba umtajie nywila yako, usimjibu hata neno moja, maana msimamizi wa kweli hana kazi nayo.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika CTSS, mfumo wa kompyuta ya pamoja uliotumika miaka ya 1960 katika MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, nywila zilikaa wazi ndani ya faili. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, ambaye muda aliogawiwa kwenye kompyuta haukumtosha, aliomba tu faili hilo lichapishwe, likachapishwa. Mwaka 1966 mafaili mawili yaliyokuwa yakihaririwa kwa wakati mmoja yalibadilishana nafasi, moja likiwa la nywila na jingine la ujumbe wa siku, na kila aliyeingia kwenye mfumo akasalimiwa kwa orodha ya nywila za watu wote. Hakuna aliyekusudia ubaya siku hiyo. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana ninaowafundisha kwamba siri ambayo huna haja ya kuwa nayo usiiweke, kwa sababu usipokuwa nayo huwezi kuivujisha.

Sasa kuruhusiwa. Jibu ni hapana, ila pale ambapo kazi yenyewe inamlazimu, na hata hapo ni kwa kadiri ya kazi hiyo tu. Barua iliyokwama kwenye foleni ya seva humlazimu msimamizi kutazama anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na pengine ukubwa wa kiambatisho. Haimlazimu kusoma kilichoandikwa ndani. Iko programu iitwayo sudo, iliyoandikwa mwaka 1980 hivi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Buffalo, ambayo humwezesha msimamizi kutekeleza amri moja kwa uwezo wa akaunti kuu huku amri hiyo ikiandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwa kawaida mtu akiitumia kwa mara ya kwanza humkumbusha mambo matatu kabla ya kumpitisha: aheshimu faragha ya wengine, afikiri kabla ya kuandika amri, na ajue kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa. Nimeyaona maneno hayo mara nyingi mno, na kila mara ninaona ni sawa kabisa kwamba faragha imetajwa mwanzo.

Rafiki yako mwambie kwa upole kwamba kauli yake inawatia watu hofu na inakivunjia heshima kituo. Akiendelea nayo, mkuu wake wa kazi anapaswa kujua.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina mwaka mmoja tu kazini kama msimamizi wa seva za barua pepe. Ijumaa jioni kiongozi mmoja mwenye cheo kikubwa, ambaye si mkuu wangu wa moja kwa moja, alinipigia simu akaniagiza nimfungulie sanduku la barua pepe la mhadhiri ambaye wana mgogoro. Alisema sanduku hilo ni mali ya chuo na kwamba jambo ni la dharura. Niliogopa kumkatalia, nikamwambia mfumo una hitilafu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nilipaswa kufanya nini?

JIBU: Pole sana, mwanangu. Ulichokwepa ulikuwa na haki ya kukikwepa, lakini njia uliyotumia itakuletea taabu, kwa sababu Jumatatu hitilafu itakuwa "imetengenezwa" na simu italia tena, na safari hii utakuwa na uongo wa kuulinda juu ya shinikizo ulilokuwa nalo. Kiongozi wa namna hiyo anapaswa kupewa ukweli kwa adabu. Sema hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Mheshimiwa, ombi lako nimelisikia. Sina mamlaka ya kulitekeleza kwa simu. Naomba uliandike na kulipitisha kwa mkuu wa kituo na ofisi ya sheria, nami nitatekeleza watakachoidhinisha." Ukishakata simu, andika siku, saa na maneno uliyoambiwa, kisha umpelekee mkuu wako kwa barua pepe jioni hiyo hiyo. Usimsubiri aulize.

Hoja ya "mali ya chuo" huvuta watu wengi, kwa hiyo tuipime. Seva ni ya chuo, diski ni ya chuo, na umeme unaoiendesha unalipiwa na chuo. Lakini mtu anayekuandikia barua hajakipa chuo ruhusa ya kuisoma kwa sababu tu imepita kwenye diski ya chuo. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua shauri la mfanyakazi wa chuo kimoja cha Wales, ambaye simu zake, barua pepe zake na matumizi yake ya intaneti vilikuwa vikifuatiliwa na mwajiri bila yeye kuarifiwa. Upande wa pili ulijitetea kwamba kilichotazamwa ni namba zilizopigwa, anwani, tarehe na muda, wala si yaliyosemwa. Mahakama ilisema kwamba hata taarifa hizo ni sehemu ya maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake, na kwa kuwa wakati ule hapakuwa na sheria iliyoruhusu ufuatiliaji huo, haki yake ilikuwa imevunjwa. Akaamriwa kulipwa yuro 3,000 kwa madhila yaliyompata. Miaka kumi baadaye, Septemba 2017, mahakama hiyo hiyo ilirudia jambo hilo katika shauri la mfanyakazi wa Romania. Yeye alikuwa amekatazwa kabisa kutumia vifaa vya kazi kwa mambo yake, na bado mahakama ilisema kwamba katazo hilo halimfuti mtu faragha yake yote, na kwamba alipaswa kuarifiwa mapema kuwa atafuatiliwa na kwa kiasi gani.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wewe utafuata za kwenu. Hata hivyo maswali ambayo majaji wale waliyauliza unaweza kuyauliza popote ulipo: je, mwenye sanduku aliarifiwa kwamba jambo kama hili linaweza kutokea? Nani ameruhusu, na je, yeye mwenyewe ni mhusika wa mgogoro? Kinatafutwa nini hasa, cha tarehe gani mpaka gani? Ipo njia nyingine isiyogusa barua za mtu?

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lingekusaidia sana Ijumaa ile, nalo ni kwamba kuhifadhi si kusoma. Mtu akidai dharura, mara nyingi hofu yake ni kwamba ushahidi utafutwa. Kwa idhini ya mkuu wa kituo unaweza kuchukua nakala ya sanduku zima bila kulifungua, ukaiweka mahali pasipofikiwa na yeyote peke yake, ukaandika saa uliyoichukua na alama ya uhakiki ya faili, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na ambayo hubadilika faili likibadilishwa, na hapo dharura imekwisha. Yanayobaki yanaweza kungoja wanasheria. Ruhusa ikija, iwe imetaja akaunti, tarehe, mada na mtu atakayepokea. Itekelezwe na watu wawili wakiwa pamoja. Na ninyi mtoe kile kilichotajwa tu bila kukisoma zaidi ya inavyobidi ili kukitambua. Utakachokiona kwa bahati mbaya kibaki hapo hapo. Usikihadithie nyumbani wala kantini.

Nami niliwahi kujiwa na mtu mlangoni mwa chumba cha seva. Alikuwa amekunja mikono, akiongea kwa sauti ya juu ili ashinde kelele za feni, akitaka mafaili ya mwenzake papo hapo. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamwomba aandike anachokitaka, sababu yake, na jina lake chini. Aliishika ile karatasi kwa muda, akaiweka juu ya kabati la vifaa, akasema atarudi. Hakurudi. Karatasi niliiacha pale pale kwa wiki nzima, endapo angebadili nia.

Uliza pia kituo chenu kina sera gani iliyoandikwa kuhusu maombi ya namna hii. Kama hakuna, huu ndio wakati wa kuidai, kukiwa shwari, na ndani yake kiwemo kifungu kinachosema kwamba msimamizi anayekataa agizo lisiloandikwa hataadhibiwa kwa kukataa. Hiyo ni haki yako, wala si upendeleo unaofanyiwa.

SWALI: Nilikuwa nikihifadhi matokeo ya utafiti wa miezi saba kwenye diski kubwa ya kompyuta ya pamoja ya watafiti. Wiki iliyopita nilikuta saraka tupu. Wasimamizi wanasema sehemu ile ni ya muda, mafaili hufutwa yakikaa muda mrefu, na tangazo lipo ukurasa wa kwanza. Nani wa kulaumiwa?

JIBU: Kabla ya lawama, fanya haya leo. Usiandike chochote kipya katika sehemu ile, andaa orodha ya mafaili na tarehe ulizoyaona mara ya mwisho, uipeleke kituoni kwa maandishi. Mifumo mingi ya diski hupiga picha za hali yake kila baada ya muda, na picha hizo nazo hufutwa kwa zamu, kwa hiyo kila siku inayopita inakupunguzia nafasi ya kuyapata. Tafuta pia kwenye kompyuta zako zote, hata kwenye viambatisho ulivyowahi kumtumia msimamizi wako wa utafiti.

Sehemu za muda zipo kwa sababu ya kasi. Hukusudiwa kubeba mafaili ambayo hesabu inayaandika na kuyasoma mara nyingi ikiendelea, na karibu kila mahali hazina nakala ya akiba. Aliyeandikiwa hivyo akapuuza, sehemu ya wajibu ni yake. Lakini sikubaliani na wasimamizi wenu kwamba tangazo la ukurasa wa kwanza linatosha. Anayefuta mali ya mtu anapaswa kumwandikia mtu huyo kwa jina lake, amtajie mafaili yenyewe na siku yatakapofutwa, na ampe muda wa kuyahamisha. Si kazi kubwa, kwani skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe, inayojua kufuta faili inajua pia ni la nani.

Na skripti hizo ni za kuogopwa. Katikati ya Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto huko Japani kilipoteza takribani terabaiti 77 za data kwenye mfumo wa diski wa kompyuta yake kuu ya utafiti, mafaili yapatayo milioni 34 ya makundi 14 ya watafiti, na kwa makundi 4 kati ya hayo hapakuwa na namna ya kuyarejesha. Haikuwa kazi ya mdukuzi. Skripti ya kuchukua nakala za akiba ilikuwa na sehemu ya kufuta mafaili ya kumbukumbu za mfumo yaliyozidi siku 10. Kampuni iliyokuwa ikihudumia mfumo iliandika skripti bora zaidi, ikaiweka mahali pa ile ya zamani wakati ile ya zamani ingali ikiendeshwa. Programu inayosoma skripti za aina hiyo huisoma kipande kwa kipande, kwa hiyo ilianza kusoma mpya kuanzia katikati, ikakuta kigezo kilichopaswa kubeba jina la saraka ya kumbukumbu kiko tupu, na amri ya kufuta ikaelekea kwenye diski ya watafiti badala ya saraka ile ndogo. Kampuni ilikiri hadharani kwamba kosa lilikuwa lake lote. Nami naiheshimu kwa hilo, kwani maelezo yake ya wazi yamewafunza wasimamizi wengi duniani kitu ambacho wangejifunza kwa kilio chao wenyewe.

Wasimamizi wanaosoma hapa wachukue mambo yale yaliyo karibu na vidole. Skripti inayofanya kazi haiguswi mpaka imalize. Kigezo kikiwa hakijapewa thamani, skripti isimame badala ya kuendelea. Kuna mpangilio wa neno moja unaoilazimisha kufanya hivyo. Kabla ya kufuta, orodhesha: endesha amri ile ile ikiwa inaonyesha tu majina, uyasome kwa macho yako, ndipo uiruhusu ifute. Diski mbili zinazofuatana kama kioo si akiba, kwa kuwa unachokifuta huku kinafutika na kule papo hapo. Na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala. Mimi kila mwezi nilikuwa nikichagua faili moja bila mpango, la mtu nisiyemjua, nikilirejesha kwenye saraka ya majaribio na kulinganisha alama yake ya uhakiki na ya lile la asili bila kulifungua. Mara mbili katika miaka hiyo halikurudi, na mara zote mbili tuligundua kwamba kazi ya usiku ya kuchukua nakala ilikuwa imekoma kimya kimya wiki kadhaa nyuma, baada ya nywila ya akaunti yake kubadilishwa.

Kwa upande wako, matokeo ambayo huwezi kuyapata tena yanapaswa kukaa angalau mahali pengine pawili ambapo mkono wa kituo hicho haufiki. Kituo kisipowaeleza watafiti wapya jambo hili siku wanapofunguliwa akaunti, kina deni kwao.

SWALI: Mimi ni mhadhiri. Wasimamizi wetu huzima mfumo mzima Jumamosi asubuhi kwa kile wanachokiita matengenezo, na sisi wengine ndipo tunapopata muda wa kusahihisha. Wana haki gani?

JIBU: Wanayo haki, na ningependa uwaunge mkono. Programu za seva hugunduliwa udhaifu kila wiki, na dawa yake huhitaji mara kwa mara kuizima seva na kuiwasha upya. Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi kilishambuliwa tarehe 23 Desemba 2019 na programu haribifu inayofunga mafaili na kudai fedha. Wavamizi walikuwa wameingia tangu Oktoba kupitia barua pepe za udanganyifu, wakapenya ndani zaidi kwa sababu baadhi ya seva hazikuwa zimesasishwa, na mwishowe seva 267 zilifungwa pamoja na baadhi ya nakala za akiba zilizokuwa zimeunganishwa kwenye mtandao. Chuo kilijikuta kikilipa bitcoin 30, kama yuro 200,000 kwa thamani ya wakati huo. Saa chache za Jumamosi ni nafuu ukilinganisha na hilo.

Lakini nao wana wajibu kwako: kutangaza mapema, kusema saa ya kuzima na saa ya kurudisha, kukwepa wiki za mitihani na siku za mwisho za kuwasilisha kazi, na kukuambia kweli pale kazi inapochelewa. Kama Jumamosi asubuhi ndiyo siku yenu kubwa ya kusahihisha, waandikieni. Inawezekana kabisa hawajui.

SWALI: Kompyuta ya mwanafunzi iliyo bwenini inashambulia seva yetu ya barua pepe. Ninaiona, na ninajua namna ya kuingia ndani yake. Niingie?

JIBU: Anza na hatua ndogo: kata muunganisho wake na mtandao wa chuo. Mtandao ni wenu, na kuulinda ni wajibu wako usiohitaji kungoja mtu. Kompyuta ni ya mwanafunzi.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Desemba 1999 msimamizi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, Marekani, aliarifiwa na kampuni moja ya mbali kwamba ilikuwa imedukuliwa kutoka mtandao wa chuo. Alipofuatilia aligundua kwamba mvamizi huyo alikuwa ameingia pia kwenye seva ya barua pepe iliyokuwa ikihudumia watu wapatao 60,000 pale chuoni. Aliizuia anwani ya kompyuta ile, na baadaye akaona dalili kwamba kompyuta hiyo hiyo imerudi kwa anwani nyingine. Makachero wa shirikisho walimwomba angoje hati ya mahakama. Yeye akaona seva haiwezi kungoja. Akaingia kwa mbali katika kompyuta hiyo, iliyokuwa ya mwanafunzi, kwa dakika 15 hivi, akatazama saraka ya muda tu, hakufuta wala kubadili kitu, akathibitisha kwamba ndiyo yenyewe, akatoka.

Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilisema mambo mawili ambayo ni lazima yasomwe pamoja. Kwanza, mwanafunzi hakupoteza faragha ya kompyuta yake kwa kuiunganisha tu kwenye mtandao wa chuo. Pili, katika tukio hili msimamizi hakukosea, kwa sababu alitenda ili kulinda seva aliyokabidhiwa, wala hakuwa akiwafanyia polisi kazi yao, na alichokigusa kilikuwa kidogo kadiri ilivyowezekana. Hebu mfikirie mtu yule akiwa amefungua pia saraka ya picha, au akiwa amekaa saa mbili "akiangalia angalia." Naamini majaji wangemtazama kwa jicho jingine.

Basi ushauri wangu kwako ni huu: kata muunganisho, hifadhi kumbukumbu za mfumo kabla hazijajifuta, mwandikie mkuu wako saa hiyo hiyo, na usiingie. Akirudi kwa anwani nyingine, kata tena. Inawezekana pia mwanafunzi mwenyewe hajui lolote na kompyuta yake ndiyo iliyotekwa, kwa hiyo anapoitwa aitwe kwa upole.

SWALI: Ninaacha kazi mwisho wa mwezi. Kwa miaka mitano nimekuwa mtu pekee mwenye nywila za vifaa vya mtandao, na sina imani na atakayenirithi. Je, ninaweza kuzizuia mpaka wampate mtu anayefaa?

JIBU: La, hata kama hofu yako ni ya kweli. Mwaka 2008 Terry Childs, mhandisi wa mtandao wa jiji la San Francisco, alikataa kuwapa wakubwa wake nywila za mtandao aliousimamia, akiamini kwamba hawakustahili kuwa nazo. Aliwekwa mahabusu, akazitoa mwishowe kwa meya aliyemfuata huko huko, na mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Mtandao ulikuwa ukifanya kazi muda wote huo, na hilo halikumwokoa.

Wasiwasi wako uandike. Ueleze udhaifu wa kila kifaa, kazi ambazo hukuzimaliza, na hatari unazoziona, uupeleke kwa mkuu wako na ubaki na nakala ya barua ya kupokelewa. Kwamba wewe peke yako ndiye mwenye nywila ni kosa la kituo lililokaa miaka mitano, na muda uliobaki unatosha kulirekebisha: nywila ziandikwe, ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuhifadhiwa kwenye kasha la chuma, na kila inapofunguliwa iandikwe nani na kwa nini. Siku ya mwisho keti na mwenzako, abadilishe nywila zote akiandika yeye, afute akaunti zako moja baada ya nyingine, na wewe mbele yake ujaribu kuingia katika kila kifaa. Vyote vikikukatalia, tieni saini hati ya makabidhiano, kila mmoja abaki na nakala yake.